Kangari Kabla ya Chifu

Mchumaji majani chai wa Kangari ana wakubwa wengi. Kuna karani mwenye mizani kituoni, wakurugenzi wa kiwanda, mwakilishi wa wadi, naibu wa chifu, na chifu mwenyewe. Babu wa babu yake, kwenye miteremko hii hii ya Aberdare, hakuwa na hata mmoja.

Kabla ya Waingereza, kila mgongo wa kilima huku Murang'a, kati ya mto na mto, ulijiendesha. Ardhi ya mbari, yaani ukoo, ilikuwa na mwangalizi, muramati, ambaye hakuweza kuwatimua nduguze. Kesi zilipelekwa kwa kiama, baraza la wazee, nao wakabishana hadi wakaafikiana. Aliyejua kusema aliitwa muthamaki. Hakuwa na askari wala jela. Maneno yake yakipungua uzito, watu walimgeukia mwingine. Wazungu walipomwona wakadhani ni chifu.

Hata wazee walikuwa na mwisho wao. Kila baada ya miaka 30 au 40 hivi, kizazi kimoja kilikabidhi mamlaka kwa kingine kwa sherehe za ituika. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, alisimulia kuwa desturi hiyo ilizaliwa pale watu walipompindua mfalme dhalimu. (Yeye mwenyewe, akishakuwa Rais, alitolewa Ikulu na kifo, 1978.)

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji. Watu kama Karuri wa Gakure wakapewa mamlaka ambayo hakuna muthamaki aliyewahi kuyaota. Mwaka huo huo, huko London, Mrusi Peter Kropotkin alichapisha kitabu akidai kwamba viumbe huishi kwa kusaidiana kuliko kwa kunyang'anyana. Alikuwa muumini wa anakizimu, falsafa inayosema binadamu hahitaji mtu wa kumkalia kichwani. Angepanda milima hii angeonyeshwa ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu, bila malipo na bila mnyapara.

Wasomaji wenzangu wanaopenda kusifu ya kale watanikasirikia, lakini kiama hakikuwa peponi. Wanawake hawakuketi humo. Kupanda ngazi zake kulilipiwa mbuzi, kwa hiyo fukara alibaki chini. Muhoi, aliyelima ardhi ya wengine kwa hisani, alikaa akijua hisani huisha. Halafu ni wanawake hao hao wa Murang'a waliogoma 1948, machifu walipowalazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Hawakupinga udongo kuhifadhiwa, walichoka kuchimbishwa.

Ndiyo maana mimi sipimi mamlaka kwa cheo. Nauliza: nikikataa, nitafanywa nini? Chifu alipunguziwa makali na mageuzi ya 1997, na bado ukiitwa barazani unavaa koti.

Jaribu kuiuliza ngwatio swali hilo hilo. Siku hizi inaitwa chama: wanawake wanachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Mwenzao akilazwa, majani yake huchumwa na wengine yasije yakakomaa. Asiyechanga hashtakiwi popote. Ila siku ya msiba wake, sufuria za chama hazitoki stoo, na yeye hupika peke yake huku majirani wakipita barabarani na vikapu vyao, wakimwamkia kwa adabu kamili.