Kandanda Uani, Mbali na Malori

Wazazi wa Malaba na Busia wanajua jinsi malori yanavyopanga foleni kuelekea forodhani. Mpira ukiponyoka, mtoto huufuata bila kutazama, na dereva aliyeketi juu hawezi kumwona aliye karibu na magurudumu. Ndiyo sababu sisi askari tunaandika habari za kandanda.

Uani panatosha. Mtoto aupige mpira ukutani kwa upande wa ndani wa mguu, aupokee, arudie. Kisha abadili mguu, kwani ule dhaifu ndio usahauliwao. Mpira wa maganda ya migomba wafaa kwa danadana, ingawa ukutani haudundi vizuri. Mwenye kununua akumbuke kwamba walio chini ya miaka 8 hutumia namba 3. Namba 5 ni ya watu wazima, nayo humchosha mtoto na kumvunja moyo.

Muda usizidi dakika 15. Mzazi amhesabie danadana, ashangilie 7 za leo zilizoshinda 6 za jana, wala asimlinganishe na mtoto wa jirani. Mazoezi yasigeuzwe adhabu: anayelazimishwa uani hutorokea barabarani. Akichoka, aachwe apumzike.