KIFUA KIKUU CHA NG'OMBE: UDHIBITI WAKE KILOSA NA MIKUMI

Kifua kikuu cha ng'ombe ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis. Bakteria huyo huwapata pia mbuzi, nyati, simba na binadamu. Katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa malisho ya wafugaji katika uwanda wa Mkata yamekaribiana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230.

Ng'ombe huambukizana hasa kwa njia ya hewa, wanaposongamana zizini au kwenye maji. Mnyama aliyeambukizwa aweza kuonekana mzima kwa muda mrefu huku akiwaambukiza wenzake. Kwa hiyo unono wake si ushahidi wa afya. Hubainika kwa sindano ya tuberkulini ndani ya ngozi ya shingo. Unene wa ngozi hupimwa kabla ya sindano, na tena baada ya saa 72.

Ugumu huanza matokeo yanapotoka. Ng'ombe aliyeambukizwa hatibiwi, bali hutengwa na kuchinjwa chini ya usimamizi. Kwa mfugaji, ng'ombe huyo ndiye ada ya shule, mahari na akiba ya njaa. Nchi kadhaa zilizofaulu kuupunguza ugonjwa huu ziliwalipa wafugaji fidia. Pasipo fidia, mwenye mnyama hushawishika kumpeleka mnadani kimyakimya, na ugonjwa ukahamia zizi jingine.

Wanyamapori nao wasibebeshwe lawama yote. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ambako ugonjwa ulibainika kwa nyati mwaka 1990, wataalamu waliona kuwa chanzo chake kilikuwa ng'ombe wa jirani. Baadaye simba waliokula nyati hao waliambukizwa. Huko Uingereza, ambako ugonjwa hubebwa na mnyama wa mashimoni wa jamii moja na nyegere, majaribio ya kuwaua wanyama hao yalifanyika kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Ugonjwa ulipungua ndani ya maeneo walimouawa kwa wingi, lakini waliosalia walitawanyika, na maambukizi ya ng'ombe yakaongezeka pembezoni. Hivyo, kuua wanyamapori bila utaratibu si dawa.

Kinga iliyo mikononi mwa kila kaya ni kuchemsha maziwa. Joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua bakteria hao kiwandani. Nyumbani yatosha maziwa yachemke mpaka yafure. Kuyagandisha pasipo kuyachemsha kwanza hakutoshi. Nyama iliwe baada ya kukaguliwa na kuiva barabara, na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe.

Wafugaji wanashauriwa kutoingiza ng'ombe mgeni kundini kabla hajapimwa, na kutochunga ndani ya hifadhi. Mtu mwenye kikohozi kisichokoma, homa za jioni au uvimbe wa tezi za shingo afike kituo cha afya mapema, na amweleze mganga kwamba anafuga au hunywa maziwa mabichi. Maelezo hayo ni muhimu, kwani bakteria huyu hasikii dawa iitwayo pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu.