Samaki Asiyeelea

Mtu wa Kabambare akisikia habari za sumu baharini hudhani ni mambo ya watu wa Muanda, kule pwani. Lakini Luama inapita kwake na kuingia Lualaba. Lualaba inapita karibu na Kasongo, inabadili jina na kuitwa Kongo baada ya maporomoko ya Boyoma, kisha inamwagika Atlantiki, mita za ujazo 40,000 hivi kila sekunde. Pale mdomoni kuna mikoko iliyotengwa kuwa hifadhi tangu 1992. Maji yanayoosha mchanga wa dhahabu Kabambare hayana njia nyingine ya kwenda.

Kazi ya dhahabu ina sumu mbili, na watu huzichanganya. Sianidi ni ya migodi mikubwa, kama ule wa Namoya ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016: mawe yaliyopondwa hurundikwa, hunyunyiziwa dawa hiyo, nayo huyeyusha dhahabu. Ikimwagika mtoni, popote pale, samaki huelea matumbo juu siku hiyohiyo. Ni kali, lakini jua na hewa huivunja.

Zebaki haina kelele hizo. Si kila mchimbaji mdogo anaitumia. Wengi humalizana na karai na maji tu. Anayeitumia huichanganya na mchanga mzito uliobaki, nayo hunasa chembe za dhahabu hadi kuwa donge jeupe kama fedha. Donge huchomwa, pengine kwenye jiko lilelile la kupikia sombe. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo huvutwa kwanza na mchomaji na watoto waliomzunguka, halafu unaobaki hurudi chini. Katika hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, uchimbaji huu mdogo wa dhahabu peke yake ulitoa asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu waliipeleka hewani.

Ikifika mtoni huzama kwenye tope. Humo, pasipo hewa, wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, na hii ndiyo inayong'ang'ania mwilini. Vidudu wanaichukua, samaki wadogo wanakula vidudu, na samaki mkubwa kama mbenga anakula wadogo hao miaka na miaka. Sumu yao yote hulundikana kwake. Hata hivyo anaogelea, ni mnono, ni mtamu kwa bugali. Kumkausha kwa moshi hakusaidii, wala kumwaga supu ya kwanza, kwa kuwa sumu imeshika nyama yenyewe. Ndiyo maana mama mjamzito namshauri achague tilapia, anayekula majani, amwache mbenga.

Japani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1956, katika ghuba ya Minamata, ugonjwa wa ajabu ulitambuliwa miongoni mwa wavuvi. Paka walikuwa wameanza kuyumba na kufa. Kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini. Wanawake walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika.

Kwetu, tope la mikoko kwenye mdomo wa mto nalo halina hewa, kwa hiyo bakteria wale wana kazi huko pia. Tope lingine hupita: korongo la chini ya bahari linaanzia ndani ya mdomo wa Kongo na kulishusha hadi vilindini.

Huku juu, chombo cha chuma chenye kifuniko, bomba na maji ya kupoza hukamata sehemu kubwa ya mvuke na kuirudisha kuwa zebaki. Mchimbaji huinunua zebaki kwa pesa yake. Akiichoma wazi, anaichoma na pesa hiyo.