Dawa ni ileile, kwa nini virusi vyangu havijashuka kama vya mwenzangu?

Wasikilizaji wengi hutuuliza swali hili. Watu wawili wameanza ARV mwezi mmoja, kliniki moja, kidonge kilekile. Baada ya miezi sita mmoja anaambiwa virusi havionekani kwenye kipimo, mwenzake anaambiwa bado ni vingi. Huyu wa pili huona dawa imemkataa, na wapo wanaoiacha. Kabla hujafika huko, tuelewane kwanza.

Vipimo viwili tofauti

Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu virusi katika mililita moja ya damu. Kipimo cha CD4 huhesabu askari wa mwili. Kwa kidonge cha TLD, kinachotumiwa na wengi nchini (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), virusi kwa watu wengi hushuka sana ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Askari huongezeka polepole zaidi, kwa miezi na hata miaka. Kwa hiyo virusi vinaweza kuwa havionekani huku CD4 bado ziko chini.

Ulianzia wapi?

Aliyeanza dawa akiwa na virusi laki tano ana safari ndefu kuliko aliyeanza na elfu kumi. Aliyechelewa kupima hadi CD4 zikawa chini ya 200 huchukua muda mrefu kurudisha kinga, hasa akiwa na umri mkubwa au TB.

Wengine huugua zaidi wiki za mwanzo. Kinga ikianza kuamka, hupambana na magonjwa yaliyokuwa yamejificha, kama TB. Ukipata homa, kikohozi au uvimbe, rudi kituoni haraka. Usiache dawa.

Umemeza kila siku?

Hapa ndipo wengi hukwama. Nauli ya kliniki imekosekana, msimu wa kilimo umekupeleka shamba la mbali, au unameza kwa kujificha ili mwenza asijue. Ukiruka siku mara kwa mara, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na vinaweza kuwa sugu.

Wapo pia wanaoruka kidonge kwa sababu hawajala. TLD humezwa hata bila chakula. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, ila usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Kwa watoto, dozi huenda na uzito. Mtoto akikua, dozi ya zamani inaweza kuwa ndogo kwake, hivyo apimwe uzito kila anapokwenda kliniki.

Dawa zinazogongana

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzuia dolutegraviri isiingie vizuri mwilini. Meza TLD saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo huizuia, ila vinaweza kumezwa pamoja na TLD ukiwa umekula chakula.

Dawa ya TB iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ndiyo maana mgonjwa wa TB huongezewa dozi. Mweleze mhudumu kila unachotumia, dawa za miti shamba zikiwemo. Hilo si kosa la kuficha.

Majibu yakiwa juu

Virusi vikizidi 1,000, kwa kawaida mhudumu atakaa nawe mtafute kinachokukwamisha. Utapewa ushauri wa ufuasi wa dawa kwa miezi kama mitatu, kisha utapimwa tena. Wengi virusi vyao hushuka baada ya hapo. Visiposhuka, wataalamu huangalia kama kuna usugu na kama dawa ibadilishwe. Mjamzito au anayenyonyesha asisubiri: atoe taarifa mapema ili apimwe na mtoto alindwe.

Virusi visipoonekana, na ukaendelea na dawa, humwambukizi mwenza kwa njia ya ngono. Hata hivyo hujapona. Ukiacha dawa, virusi hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Usipime safari yako kwa majibu ya jirani. Siku ya kliniki muulize mhudumu maswali mawili: wingi wa virusi vyangu ni ngapi, na nitapimwa tena lini? Uandike majibu yake.