Diski ya mgongo imetokeza? Usikimbilie kisu

UMEINAMA kuinua mtungi wa gesi, au debe la maji baada ya mifereji kukauka, mara mgongo unakukamata. Siku mbili baadaye maumivu yanateremka kutoka kiunoni, yanapita nyuma ya paja hadi unyayoni, kama moto. Ukikohoa, yanazidi. Unapigwa picha na kuambiwa kwamba diski imetokeza. Usiku huo hulali kwa hofu ya kupooza.

Kwanza elewa kilichotokea. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna diski 23, ambazo hupunguza mshtuko kama springi za gari. Kila moja ina ukanda mgumu nje na ute mzito ndani. Ukanda ukilegea, diski huvimba kando kama gurudumu lisilo na upepo wa kutosha. Ukipasuka, ute husukumwa nje na huenda ukabana mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni. Ndiyo maana mguu huuma kuliko mgongo wenyewe.

Wapo wanaosema diski 'imeteleza', na kumwita mkandaji airudishe kwa kuukanyaga mgongo. Hilo ni kosa. Diski imeshikamana na mfupa juu na chini, haitelezi kokote, na kukanyagwa kwaweza kukuzidishia madhara.

Wala picha isikutie kiwewe. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu 98 wasiokuwa na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 yao walipatikana na angalau diski moja iliyovimba! Kwa hivyo daktari anayesoma picha bila kukugusa, kukuinua mguu na kupima nguvu zako, hajakupima.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, kwani mwili huunyonya ute uliomwagika. Ajabu ni kuwa vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo mara nyingi hunywea zaidi.

Wakati huo ufanye nini? Usilale kitandani wiki nzima kama walivyoshauriwa wazee wetu. Siku moja au mbili zatosha. Tembea kidogo kidogo. Kazini, simama kila baada ya nusu saa. Kwenye matatu, epuka kiti cha nyuma kabisa, hata makanga akikusukuma huko. Ukiinua mzigo, kunja magoti, uukumbatie karibu na kifua, na usijipinde. Ibuprofen husaidia kiasi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Maumivu yakipungua, mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakufundisha kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo.

Lakini zipo dalili zisizongoja kesho. Ukishindwa kukojoa, haja kubwa ikikutoka bila kujua, ukihisi ganzi sehemu za siri au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukichelewa, madhara huenda yakawa ya kudumu. Nayo homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo vyaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa, si mazoezi.

Je, upasuaji? Nchini Uholanzi wagonjwa 283 walifuatiliwa katika uchunguzi uliochapishwa 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 walikuwa wamepona. Basi ukiambiwa upasuliwe na huna dalili za hatari tulizotaja, muulize daktari kitakachotokea ukisubiri wiki 6 zaidi.