Sekunde Ishirini za Gobori

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, ambaye ameishi kwa miaka mingi katika jimbo la Virginia huko Marekani, aliniandikia barua akiniomba ushauri. Anakusudia kurudi nyumbani Ndhiwa atakapostaafu, na katika mizigo yake angependa kuja na bunduki. Si bunduki ya kujilindia wala ya kuwindia. Ni gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi mdomoni, iliyoundwa kiwandani katika zama zetu hizi kwa kuiga ile ya Kiingereza ya mwaka 1853 iitwayo Enfield. "Omera," aliandika, "nitaitundika ukutani, na siku mojamoja nitakuja nayo shuleni kwako wanafunzi waisikie ikilia. Hilo litakuwa somo ambalo hakuna kitabu kitakachokupa."

Nilikaa na barua hiyo wiki mbili kabla ya kuijibu. Leo naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu, nieleze nilimjibu nini na kwa sababu gani.

Kwanza nikiri kwamba silaha hiyo naifahamu. Nilipomtembelea ndugu yangu miaka kadhaa iliyopita, alinichukua hadi uwanja wa shabaha akanifunza kuipiga. Ni bunduki ndefu, karibu mita moja na nusu, na uzito wake wapita kilo nne. Kuitia risasi ni kazi yenye taratibu zake. Unamimina baruti nyeusi iliyokwisha kupimwa, unaweka risasi mdomoni mwa mtutu, unachomoa mdeki na kuisukuma risasi mpaka iketi juu ya baruti, unaurudisha mdeki mahali pake, unapachika fataki ndogo ya shaba juu ya chuchu ya mtambo, unavuta nyundo nyuma, ndipo ulenge. Mlio wake si mkali kama nilivyotazamia. Ni mzito, kama wa mtu aliyeangusha gunia la mahindi kutoka ghorofani. Kisha moshi mweupe hutanda mbele yako, na kwa muda huoni kama umepata au umekosa.

Mimi nilitumia karibu dakika nzima kwa kila risasi. Askari aliyefunzwa barabara katika karne ya 19 aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja, yaani mara moja kila sekunde ishirini. Namwomba msomaji aikumbuke hesabu hii, maana makala yote yameegemea hapo.

Uraibu huu una watu wengi huko ughaibuni. Huko Virginia kuna chama kiitwacho North-South Skirmish Association, kilichoanzishwa mwaka 1950, ambacho wanachama wake hushindana kwa timu kuvunja shabaha za udongo kwa bunduki za aina zilizotumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Bunduki za kuigiza hutengenezwa kwa wingi nchini Italia, katika bonde la Val Trompia, ambako ufuaji wa silaha ni kazi ya karne nyingi. Sheria kuu ya bunduki ya Marekani, ya mwaka 1968, haizihesabu bunduki hizo pamoja na silaha za kawaida. Kwa hiyo mtu wa huko huweza kununua gobori jipya kwa urahisi mkubwa. Sidharau uraibu wao. Niliokutana nao ni watu wapole, waangalifu mno wa usalama, na wanaijua historia ya babu zao hadi kwenye vifungo vya makoti.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu liliponirudia akilini. Tulikuwa tukisoma jinsi Waingereza walivyoitwaa nchi hii. Nilikuwa nimetaja misafara ya kijeshi iliyopelekwa dhidi ya jirani zetu Wagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali. Nilikuwa nimemtaja pia Gor Mahia wa Kanyamwa, huyo huyo ambaye klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 ina jina lake, aliyekubali kufanya kazi na serikali ya Waingereza badala ya kuipiga vita. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "watu wetu walikuwa maelfu na askari walikuwa wachache. Je, Otenyo alikuwa mjinga na Gor Mahia alikuwa mwoga?"

Jibu la mtihani sote tunalijua: "silaha duni." Ni maneno mawili, yana alama moja, na mtahini husonga mbele. Lakini maneno hayo hayaelezi kitu. Duni kwa kiasi gani? Kwa nini zilikuwa duni? Nani aliyeamua zibaki hivyo? Mtoto asipopewa jibu la maswali hayo atajitafutia lake, na jibu la karibu ni kwamba babu zake walikuwa wajinga au waoga.

Ukweli ni kwamba bunduki hazikuwa ngeni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 ziliingia kwa wingi mno kupitia Unguja. Makadirio ya ubalozi wa Uingereza ya mwaka 1888 yalisema kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita huko kila mwaka kuelekea bara. Nyingi zilikuwa magobori yaliyotupwa na majeshi ya Ulaya. Uingereza yenyewe ilianza mwaka 1866 kuzigeuza Enfield zake ziwe za kutiwa risasi kwa nyuma, na kila taifa lililopata silaha mpya liliuza za zamani. Mirambo wa Unyamwezi aliyatumia magobori kujenga himaya, na Tippu Tip aliyatumia kujenga utajiri wa pembe na watumwa. Hata leo upande wa Tanzania neno gobori ni neno la kila siku. Lakini wazee niliowauliza hapa Ndhiwa hawakumbuki kwamba babu zao waliwahi kuwa nayo. Neno lenyewe mimi nililikuta vitabuni. Huku kwetu watu walipigana kwa mkuki na ngao.

Kisha ukaja mwaka 1890. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mapatano ya kugawana Afrika Mashariki, yaliyothibitisha mpaka unaopita kusini mwa Ndhiwa hii yetu. Siku moja tu baadaye, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia saini mjini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Lengo hilo lilikuwa jema, na bunduki kweli zilikuwa zikiilisha biashara hiyo. Lakini mkataba huo ulizuia pia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, isipokuwa hasa kwa majeshi ya serikali zenyewe. Wenyeji wangeweza kuuziwa, chini ya uangalizi, bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida.

Mifuo ni nini hata itajwe katika mkataba wa mataifa? Ni michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu kwa kuzungushwa kama nyuzi za skrubu. Enfield ya mwaka 1853 ina mitatu. Risasi yake ina uwazi kitakoni. Baruti ikiwaka, kitako hicho hutanuka na kuishika mifuo, nayo risasi hutoka ikizunguka na kwenda moja kwa moja. Gobori lenye mtutu laini halina hakika ya kumpata mtu aliye mbali zaidi ya mita 100. Lenye mifuo, mikononi mwa mtu aliyezoea, humpata kwenye mita 300 na zaidi.

Haya yote niliyaeleza darasani, nikaona macho yakisinzia. Ndipo nilipowatoa nje uwanjani. Mvulana mmoja nilimpa fimbo mbili, moja iwe bunduki na nyingine iwe mdeki, nikamfunza hatua zote za kushindilia mpaka akazitimiza kwa sekunde ishirini na kitu. Mwingine, mkimbiaji wetu hodari, nilimpa fimbo iwe mkuki na ungo uwe ngao, nikamsimamisha mita 100 kutoka kwa mwenzake. Msichana aliyeuliza swali ndiye aliyeshika saa.

Mara ya kwanza tulisema bunduki ni ya mtutu laini. Mpigaji alipiga risasi yake moja, akaanza kushindilia. Mkimbiaji alifika kwa sekunde kumi na saba, akamgusa kifuani kabla fataki haijapachikwa. Darasa zima lilishangilia. Mkuki ulikuwa umeshinda.

Mara ya pili tulisema mtutu una mifuo. Kwa hiyo mkimbiaji alianzia mita 300. Alitumia sekunde hamsini na nane, akafika akihema. Mwenzake alikuwa amekwisha kumpiga mara tatu. Vifijo vilipungua.

Mara ya tatu niliwaambia kwamba jeshi lililokwenda kwa Wagusii mwaka 1905 halikuwa na gobori hata moja. Lilikuwa na bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, na lilikuwa na bombomu, ambalo hutapika risasi zipatazo 500 kwa dakika. Hizo ni nane na zaidi kwa kila sekunde. Nikawaomba wapige makofi manane kwa sekunde moja. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Kisha wakanyamaza, na hakuna aliyetaka kukimbia.

Katika ukimya huo yule msichana alisema, "Basi Otenyo hakuwa mjinga. Aliijua kazi ya mkuki, ila hakuambiwa kwamba saa imebadilishwa. Na Gor Mahia alijua kuhesabu." Sikuwa na la kuongeza. Sijui kama wanahistoria wote watakubaliana naye kuhusu Gor Mahia, lakini jibu hilo ni bora kuliko "silaha duni," kwa sababu yeye mwenyewe alilipima kwa saa.

Sasa narudi kwa ndugu yangu. Nilimwandikia kwamba bunduki yake asije nayo, nikampa sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inaihesabu kuwa bunduki silaha yoyote ya mtutu iwezayo kuua kwa kurusha risasi, na hakuna ruhusa ya kuwa nayo bila cheti. Kwamba ilibuniwa mwaka 1853 hakuipunguzii uwezo wa kuua. Kinachohesabiwa Virginia kuwa kitu cha kale, hapa kitahesabiwa kuwa silaha, na baruti yake nayo ni hatari ya pekee.

Ya pili ni usalama wa nyumba. Bunduki iliyotundikwa ukutani kijijini ni tangazo. Mwizi hataulizia kwanza kama ni ya asili au ya kuigiza. Tena twajua kwamba katika nchi yetu hata bunduki za bandia za mbao zimetumiwa kutisha watu na kuwapora. Ndiyo maana sikumwomba hata seremala anichongee mfano wake. Fimbo mbili zilinitosha.

Ya tatu ndiyo iliyo nzito kwangu. Ndugu yangu alisema kwamba wanafunzi wakiisikia ikilia watapata somo. Naamini watapata mshtuko na furaha, kama nilivyopata mimi, na jioni ile kila mvulana atataka kuwa yule aliyeshika bunduki. Lakini somo la kwetu liko kwa yule anayekimbia na ungo. Wamarekani wanaopiga magobori ya kuigiza wanawakumbuka babu zao waliokuwa nyuma ya mtutu. Babu zetu walikuwa mbele yake. Hatuwezi kuukopa uraibu wao kama ulivyo tukadhani tumeikumbuka historia yetu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tusiridhike na majibu ya maneno mawili. Nyuma ya kila jibu fupi la mtihani kuna jambo lililotendwa na watu, lenye sababu zake, na mara nyingi mwanafunzi aweza kulipima kwa kitu kilicho karibu naye. Fizikia ya mifuo, kemia ya baruti, jiografia ya zile latitudo na hesabu ya sekunde zote zilikutana uwanjani kwetu asubuhi moja, wala hatukutumia hata senti.

Ndugu yangu alinijibu baada ya mwezi. Hakukasirika. Bunduki atawaachia rafiki zake wa huko, maana ndio wanaojua kuitunza. Badala yake aliuliza kama shule ina saa nzuri ya kupimia mbio. Nilimwambia ukweli: ile tuliyotumia ilikuwa ya mkononi, yangu mwenyewe, na huchelewa.