Maneno ya Nyimbo Yasikike: Shauri kwa Kwaya za Machakos

Watu wa Machakos ni wapenzi wa kuimba. Kanisani, shuleni, arusini na matangani, ni nadra shughuli kwisha kabla kwaya haijasimama. Lakini mara nyingi msikilizaji akiulizwa wimbo ulisema nini, hujibu kwamba sauti zilikuwa tamu, basi. Hiyo ni hasara kubwa. Wafiwa walioimbiwa faraja hawakuipata, na wazazi walioonywa juu ya watoto wanaoacha shule hawakusikia onyo.

Chanzo kimoja ni cha zamani. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, na nyimbo walizoleta zilikuwa na tuni za Ulaya na Marekani. Zilipofasiriwa, maneno ya Kikamba yalilazimika kuifuata tuni. Kikamba kina vokali 7, ambapo Kiswahili kina 5 tu. Tena katika Kikamba kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Tuni ya kigeni huipandisha silabi ipasayo kushuka, na mtu asiyeujua wimbo tangu utotoni hubaki akikisia.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno "barabara" likikazwa silabi ya tatu ni njia. Likikazwa silabi ya pili ni sawasawa. Pigo zito la wimbo likianguka mahali pasipo pake, maana hupotea. Hali kadhalika "amekufa" na "amekufaa". Mwimbaji wa matanga akivuta mno silabi ya mwisho ili kupendeza, huenda akawaambia wafiwa jambo asilolikusudia kabisa.

Wazee wetu walikuwa na dawa. Katika nyimbo nyingi za ngoma, kiongozi huimba mstari peke yake, na wengine hujibu kwa maneno machache yaliyozoeleka. Hivyo maneno mapya hutoka kinywani mwa mtu mmoja, wala hayazamishwi na wingi wa sauti. Muziki wa benga umefuata njia iliyo karibu na hiyo: mara nyingi gitaa hungoja mwimbaji amalize mstari ndipo lijibu. Marehemu Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers aliyefariki mwaka 1987, aliimba Kikamba na pia Kiswahili, na kwa Kiswahili akasikilizwa hata na watu wasiojua neno la Kikamba.

Basi mwalimu wa kwaya afanye nini? Kwanza, kabla ya kufundisha sauti, ayasome maneno kwa mdomo kama mtu anenaye na jirani yake, aweke alama mahali penye mkazo, na neno lisiloafikiana na tuni alibadili. Pili, waimbaji wavute pumzi mahali ambapo maana imetimia. Wakipumua katikati ya neno "wasiojua", msikilizaji hupata vipande viwili visivyo na maana. Tatu, penye ujumbe mzito, sauti zote nne zitamke neno moja kwa wakati mmoja. Kupishana kwa sauti kuwekwe katika kiitikio kinachojulikana. Nne, jumba lenye mwangwi lataka mwendo wa polepole, na ngoma na kinanda vipunguzwe wakati wa ubeti.

Mwisho, yafaa kufanya jaribio. Siku ya mazoezi, mtu asiyeujua wimbo aketi nyuma kabisa, kisha aeleze alichosikia. Asilaumiwe akishindwa, bali wimbo urudishwe kwa mwalimu ukatengenezwe. Kazi hiyo haina gharama, nayo itawafaa wale ambao kwaya husimama mbele yao kwa ajili yao.